Kuuma na Kupuliza

Tartu, Februari, saa tatu asubuhi na giza bado.
Barafu imeziba vioo vya ghorofa ya chini.
Maarika anavua pete, anaiweka kwenye kisahani cha skrubu,
ananawa hadi viwikoni kama mkunga.

Leo wako wanane. Utafiti wa kiharusi umekwisha,
takwimu zimeshapanda juu, kwa wenye ofisi za madirisha.
Panya wengi hawachimbi shimo, walisema wahenga;
hawa wanane hawajapata kuuona udongo.

"Usiwahamishe," anamwambia Taavet, mwanagenzi wa juma la pili.
"Waache tunduni mwao, na matandiko yao, na harufu yao.
Wala usiwachanganye na wengine.
Nani apendaye kufia chumba cha wageni?"
Taavet anacheka, kisha anaona hakuna aliyetania.

Sanduku liliooshwa jana, na leo limeoshwa tena,
hofu ya waliotangulia isije ikabaki pembeni
ikawasimulia wanaofuata.

Sasa vali.
Hewa ukaa, jina lenye masizi,
inaingia kwa kipimo, kidogo, kidogo,
kwanza usingizi, mengine baadaye.
Taavet anataka yaishe. Kidole kinazidisha.
Mshale unaruka, na namba tano
anasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu,
kama msafiri anayesoma tangazo la treni.

Maarika anaurudisha mkono wa kijana, bila ukali.
"Haraka hiyo ni yako. Si yao."

Namba tano. Huyu alizoea kutekenywa.
Alikuwa akiufukuza mkono wake tunduni kote,
akicheka kwa sauti nyembamba isiyofika masikioni mwetu.
Siku moja waliazima mashine ya kunasa sauti hiyo
na Maarika akaisikia, mara moja tu,
akakaa chini.

Kanuni haisemi ubaki chumbani. Yeye hubaki.
Hutazama mbavu, hadi mbavu ziache,
kisha hungoja tena, kwa saa ya ukutani,
kisha jicho, kisha shingo, ili asiwepo
wa kuamkia kwenye mfuko.
Fomu ya manjano: wanane. Saa nne kasoro dakika nane.
Taavet anauliza kama inazoeleka.
"Mkono huzoea," anasema, na kuitafuta pete yake.

Panya, twasema sisi, huuma na kupuliza:
waamka kidole kimeliwa na hukusikia kitu.
Tukaligeuza neno hilo tusi la wanafiki.
Na huku kupuliza kwetu, tunakopuliza kwanza,
kwa kipimo, kwa mhuri, kwa huruma iliyokaguliwa,
tukuiteje?
Sijui. Najua tu kwamba vali ile ingeweza kufunguliwa vibaya zaidi.

Jumamosi alikwenda Elva kwa dadake, Virve.
Alitumwa viazi. Kule chini, nyuma ya mitungi ya kabichi,
kipande cha kadibodi chenye gundi,
na juu yake panya wa shamba, rangi ya vumbi,
ubavu umenata, miguu mitatu imenata,
mguu wa nne ungali ukichimba hewa.
Tangu lini? "Tangu Alhamisi, labda," Virve akajibu kutoka juu.
"Si panya tu?"

Huyu udongo aliujua.
Huyu hakuwa na namba, wala fomu, wala mkaguzi.
Maarika hakuwa na vali. Alikuwa na penseli
ya kuandikia tarehe kwenye mitungi.
Akapiga magoti, akaiweka penseli nyuma ya kichwa kile kidogo,
na alipokuwa akishika mkia
panya akamuuma, kwa nguvu zote zilizosalia,
bila kupuliza.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuusoma mstari huu.

Alipanda ngazi bila viazi.
Akasimama jikoni, kidole kinachuruzika,
na Virve akimuuliza amefanya nini huko chini,
akakiinua kidole hadi mdomoni
akakipuliza.